"Kanisweet-talk Tu, Dada": Maneno Matamu na Mahari ya Biharusi



Leo tuna neno moja tu, tena la Kiingereza, tulilolisikia kwenye kazi yetu na likatunyima usingizi. Sisi ni dada wawili wa tumbo moja, na kazi yetu hapa Unguja ni kuwatia mabiharusi hina na piko. Mwenye kazi hii husikia mengi. Biharusi akishatiwa hina mikono yote miwili hawezi kushika kitu, basi hata simu yake hupokelewa na mwengine, ikawekwa spika na kulazwa juu ya mto. Siri za watu zinatuingia masikioni bila ya kuzitafuta, na karibu zote tunaziacha mle mle chumbani. Hii tunaisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, na baadhi ya mambo tumeyabadilisha ili asijulikane.

Ilikuwa siku mbili kabla ya nikahi. Chumba kimefukizwa udi, feni inazunguka taratibu ili hina isikauke haraka, shangazi yake katoka uani. Simu ikalia. Bwana harusi. Alianza kwa kuuliza kama hina imekolea, akasema ikikolea sana ndiyo dalili ya mapenzi, akamsifu sauti, akamsifu subira. Biharusi anatabasamu, sisi tunachora maua ya kiganjani. Kisha akasema, "Sasa mpenzi, kuna kijambo kidogo. Ile nusu ya mahari iliyobaki imenikwama, pesa yote imeingia kwenye ukumbi. Kesho kutwa wakija kukuuliza idhini, sema umeshapokea yote. Si nitakupa tu? Mimi na wewe si kitu kimoja? Au huniamini?"

Mdogo wetu yule alinyamaza kidogo. Halafu akacheka, akasema, "Haya."

Simu ilipokatika akatutazama. "Kanisweet-talk tena huyu, dada! Na namjua alivyo, lakini ndo keshanisweet-talk."

Tukacheka sote watatu. Tukamaliza kazi, tukalipwa, tukapanda daladala kurudi nyumbani. Njiani tukawa kimya, mpaka mmoja wetu akauliza, "Hivi tulikuwa tunacheka nini?"

Neno lenyewe

Yule binti anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli, siku nzima yuko na wageni, na Kiingereza kimemkaa mdomoni. Sweet-talk ni neno la mazungumzo, wala huwezi kulitia kwenye barua ya ofisi. Limeundwa kwa maneno mawili, utamu na maongezi, na limetokea Marekani, likaenea katika karne ya 20. Maana yake ni kumshawishi mtu kwa sifa na maneno ya kupendeza mpaka akakubali jambo ambalo kwa akili yake ya kawaida pengine asingelikubali. Mjukuu akimpapasa bibi yake mabega mpaka akapewa pesa ya juisi, hiyo ni sweet-talk. Mgeni akimsifu dada wa mapokezi mpaka akapewa chumba cha kuangalia bahari kwa bei ya chumba cha nyuma, hiyo pia ni sweet-talk. Na bwana harusi akimwambia mchumba wake aseme amepokea kitu ambacho hajakipokea, neno ni lile lile.

Namna Waingereza wanavyolitumia pia inafundisha. Wao husema mtu amesemeshwa kwa utamu mpaka akaingizwa ndani ya jambo, au amesemeshwa mpaka akatolewa nje ya mali yake. Kwa hiyo utamu ni mkono tu. Mkono huo unakuingiza wapi, au unakutoa wapi, hilo ndilo la kutazama.

Sisi tulilitafutia neno la Kiswahili, na ndipo tulipogundua kwa nini lile la Kiingereza lilikuwa jepesi mdomoni mwake. Kiswahili hakikubali uliseme jambo hili kwa neno moja ukapita. Kinakulazimisha uchague.

Kuna kubembeleza. Mama humbembeleza mtoto alale, mke humbembeleza mume ale dawa, mume humbembeleza mke aliyenuna. Anayebembeleza anajulikana anataka nini, na anayebembelezwa anaweza kukataa.

Kuna kurairai. Hapa pameshaingia ujanja. Mtu anakuzungushia maneno laini kwa kuwa anajua ukiambiwa jambo kama lilivyo utasema hapana. Vijana wa leo wanasema kapiga saundi. Na akikupa sifa zisizo zako ili uvimbe kichwa, wazee wanasema amekuvisha kilemba cha ukoka: unajiona umevaa kilemba, kumbe ni majani, jua likiwaka yananyauka.

Halafu kuna kurubuni, kulaghai, kuhadaa, kughilibu. Hapo hakuna tena wa kucheka. Hapo mtu ameshachukuliwa chake.

Sweet-talk inayabeba yote haya kwenye kapu moja, kutoka juisi ya bibi mpaka mahari. Na kwa vile kapu lenyewe lina jina tamu, mtu anacheka kwanza kabla hajachungulia ndani.

Swali la "huniamini?"

Kingereza hicho hicho kina neno jengine ambalo ni jamaa yake. Tapeli wanamwita con man, na hilo con ni kipande cha neno lenye maana ya kuaminiana. Mwaka 1849 mjini New York alikamatwa mtu aitwaye William Thompson. Kazi yake ilikuwa kumsogelea mtu asiyemjua, naye amevaa vizuri, akamsalimia kama rafiki wa zamani, wakazungumza kwa ukunjufu. Kisha humuuliza kama anamwamini kiasi cha kumwachia saa yake mpaka kesho. Mtu anaona haya kumwambia muungwana kama huyu kuwa hamwamini, anavua saa, anampa. Thompson anaondoka nayo. Magazeti yakambandika jina hilo, na mpaka leo matapeli wote wa lugha ile wanaitwa kwa jina lake.

Hatumfananishi bwana harusi wetu na mwizi yule, hasha. Lakini swali ni lile lile. "Huniamini?" ni swali zito kwa mwanamke anayependa, kwa sababu linaihamisha mizani. Mambo yalikuwa ya mahari, sasa yamekuwa ya moyo wako. Mwenye deni ni yeye, na anayetakiwa kujitetea ni wewe.

Dini yetu imesemaje

Tusije tukadhani Uislamu umepiga vita maneno matamu. Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, alikuwa mpole kwa wake zake, na neno zuri ni sadaka. Lakini ni yeye yeye, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, aliyetuambia kuwa katika ufasaha wa maneno muna uchawi. Neno linaweza kumgeuza mtu bila yeye kujua kageuzwa vipi.

Na kuna kisa cha sahaba mmoja aliyekuwa akihadaiwa kila akinunua. Alipolalamika, Mtume alimfundisha aseme wakati wa kuuziana kwamba pasiwe na khilaba. Wanavyuoni wa lugha wanaifafanua khilaba kuwa ni kuhadaa kwa ulimi, kwa maneno ya kuvutia. Yaani jambo tunaloliita leo sweet-talk lilikuwa na jina lake sokoni Madina, na dawa yake ilikuwa kulitaja kwa jina mbele ya anayelifanya. Katika riwaya nyengine sahaba huyo alipewa pia muda wa siku tatu wa kufikiri: akiridhika achukue, asiporidhika arejeshe.

Sasa njoo kwenye mahari. Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao kuwa ni hidaya, na akaruhusu mume ale kile ambacho mke mwenyewe amemwachia kwa kuridhika nafsi yake. Tazama sharti lilipowekwa. Halikuwekwa kwenye ulimi, kwamba akisema "haya" inatosha. Limewekwa kwenye nafsi. Mtu anaweza kusema haya na nafsi yake ikawa inasema hapana.

Baadhi yetu tumesikia kwamba mume na mke wameruhusiwa kuambiana hata lisilo kweli tupu ili kuzidisha mapenzi, na hadithi hiyo ipo katika Sahihi Muslim. Lakini Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomwa sana huku kwetu kwenye madhehebu ya Shafi, ameifafanua waziwazi. Kinachokusudiwa ni maneno ya kuonyeshana mahaba na mfano wa hayo. Ama kuhadaana ili kuzuia haki ya mwenzio au kuchukua kisichokuwa chako, amesema hiyo ni haramu kwa makubaliano ya Waislamu wote. Kumwambia mkeo kuwa hakuna mzuri kama yeye dunia nzima, hilo ni la mapenzi. Kumwambia aseme amepokea mahari ilhali hajapokea, hilo ni jengine kabisa. Na biharusi akishakiri mbele ya mashahidi kuwa amepokea, siku akija kudai atadai kwa ushahidi gani?

Siku ya pili

Kesho yake tulirudi kumtia piko juu ya hina. Tulikuwa na hofu. Nani sisi, watu wa hina, kuingilia nikahi ya watu? Ikivunjika tutasemaje? Tukakubaliana kuwa hatutamwambia la kufanya. Tutamuuliza kitu kimoja tu.

Tulipokuwa tunachora kifundo cha mguu tukamwambia, "Mdogo wetu, lile neno lako la jana, hebu litie kwa Kiswahili."

Akacheka. "Si kanibembeleza."

"Kakubembeleza. Kwani ungesema hapana, ingekuwaje?"

Akafikiri. "Angenuna. Angesema simwamini." Akanyamaza. Tukaendelea kuchora. Ua moja likaisha, jengine likaanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kanirairai, dada." Wala hakucheka.

Hatukuongeza neno. Yeye mwenyewe akamwita shangazi yake, akamweleza. Shangazi hakupiga kelele kama tulivyoogopa. Alikaa kitandani, akasema, "Mwanangu, kukosa pesa si aibu. Waume wangapi wameoa na deni la mahari? Lakini deni litajwe kuwa ni deni."

Akapigiwa simu bwana harusi, safari hii mbele ya shangazi. Biharusi akamwambia kwa adabu, "Nakuamini, na ndiyo maana nakwambia. Uliyonipa nitasema nimepokea. Iliyobaki iandikwe kuwa imebaki." Upande wa pili kukawa kimya muda mrefu, mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Naona haya mbele ya baba yako." Kumbe ndiyo shida yenyewe. Kijana alikuwa anaogopa wazee watamwona hana kitu, naye ameshalipia ukumbi na mapambo. Akaomba radhi. Nikahi ikasoma, nusu ikatajwa kuwa imetolewa na nusu kuwa ni deni, na mbingu hazikuanguka. Mwaka jana alimaliza kulipa.

Tumelisimulia hili kwa sababu si kila anayerairai ni mbaya. Wengine ni waoga tu. Lakini woga wake usilipiwe kwa haki yako.

Na sisi je?

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukajifanya masheikha. Ila tulipokuwa tukimuuliza yule binti, swali lilitugeukia wenyewe.

Sisi pia tunajua kusema. Biharusi akija anataka hina nyekundu tu, ya kawaida, tunamwambia, "Mikono hii! Mikono kama hii inyimwe piko?" Tukimwona anasita tunamwambia biharusi siku hizi hapambwi mpaka kwenye kifundo tu, panda mpaka kiwikoni. Kila inchi ni pesa. Mmoja alituuliza kama piko inawasha, tukamwambia, "Wewe hakuna, ngozi yako nzuri." Na sisi tunafahamu kwamba piko ya rangi ya nywele huwasha baadhi ya watu, na wengine huwatoa malengelenge. Yule dada alikaa siku ya harusi yake akijikuna chini ya kanga. Hakutulaumu. Tulimwita mteja mzuri, kumbe tulikuwa tumemrubuni. Tangu hapo tunajaribu dawa kidogo nyuma ya sikio siku mbili kabla, na anayeulizwa anajibu ukweli hata kazi ikipotea.

Na nyumbani kwetu pia yapo. Sote wawili tuliwahi kuwapa waume zetu bangili zetu za dhahabu. Mume wa mmoja wetu alikuja na daftari. Akasema anataka kununua vespa ya biashara, inagharimu kadha, anazo kadha, na biashara inaweza kufa. "Ukiniazima nitashukuru, usiponiazima nitasubiri." Bangili zikatoka, vespa ikafa mwaka wa pili, bangili hazikurudi. Mpaka leo hana kinyongo. Mume wa mwengine alisema, "Mke anayempenda mumewe haulizi." Yeye alilipa zote, mpaka ya mwisho. Lakini ukimuuliza dada yetu, atakwambia bado inamuuma, na hajui inamuuma nini kwa vile amelipwa. Sisi tunajua. Aliyepoteza dhahabu aliulizwa. Aliyerudishiwa dhahabu hakuulizwa.

Vipimo vyetu vitatu

Kwa hiyo, biharusi wetu, ukiona maneno yamekuwa matamu kuliko kawaida, usikasirike, na usiyakimbilie. Jiulize matatu.

Kwanza, ameniambia lote? Anayebembeleza anakuambia kiasi, muda na hatari yake. Anayerairai anasema "kijambo kidogo".

Pili, naweza kusema hapana na bado tukala chakula cha usiku kwa amani? Kama hapana yako ina adhabu, basi ndiyo yako haikuwa hiari.

Tatu, maneno haya yanaweza kusemwa mbele ya shangazi? Yakiwa mazuri yatabaki mazuri mbele ya shahidi na kwenye karatasi. Yanayotaka mlango ufungwe, yaulizwe kwa nini.

Na ukishindwa yote matatu, omba siku tatu. Ni fundisho la soko la Madina, na linafaa hata chumbani. Sema, "Nimekusikia, nipe siku tatu nifikiri." Mwenye nia njema atangoja.

Jua pia kuwa mahari ni yako, si ya baba wala ya kaka. Isipolipwa inabaki kuwa deni shingoni mwa mume, na hata akifariki hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Ukitaka kumsamehe, msamehe, na una ujira mkubwa inshaallah. Lakini samehe ukiwa unajua unachosamehe.

Na vipimo hivi ni vyetu pia, si vya wanaume peke yao. Tunaowasemesha wazazi wakope kwa ajili ya ukumbi wa usiku mmoja, tunaowasemesha waume wanunue wasichokimudu kwa machozi na kununa, tujipime kwa mizani hiyo hiyo. Wazee walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Ulimi wenye nguvu ya kumtoa nyoka ni amana, na tutaulizwa tuliutumia kumtoa nani na wapi.

Yule binti bado anatumia neno lake la Kiingereza. Juzi alituletea mtoto wake atiwe hina ya Idi, mtoto akataka na pipi, akaanza kumpapasa mama yake shavu. Akatutazama, akacheka, "Mnamwona? Ananisweet-talk." Kisha akajisahihisha mwenyewe. "Ananibembeleza." Akampa.

Ewe Mola wetu, zifanye ndimi zetu kuwa tamu kwa ukweli, zilinde haki za mabiharusi wetu, na zijaalie nyumba zao utulivu, mapenzi na huruma. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.